Umeona ndugu yako akigongwa? Madai yako wewe mwenyewe yanaanzia hapa

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Uyole, Mbeya, na kwa jinsi malori ya Tunduma yanavyopita mlangoni kwetu, wengi wanaonifuata wana habari ya ajali. Karibu wote huulizia fidia ya majeruhi. Ni wachache wanaojua kwamba mama aliyesimama pembeni akaona mwanawe anaburuzwa naye anaweza kudai fidia ya maradhi ya akili yaliyotokana na mshtuko ule, kwa jina lake, mbali kabisa na madai ya mtoto.

Msingi wake ni sheria ya madhara, yaani ya kumdai aliyekuumiza kwa uzembe wake, tuliyoirithi Uingereza. Hukumu zao za baada ya 1920 hazizifungi mahakama zetu, lakini hupewa uzito. Katika kesi ya Hambrook dhidi ya Stokes Brothers, 1925, lori liliachwa kwenye mteremko likiwa linaunguruma bila dereva, likashuka lenyewe kuelekea waliko watoto ambao mama yao alikuwa ametoka kuachana nao. Mshtuko ule ulimuua yule mama, na mahakama ikakubali kwamba hofu ya mzazi kwa wanawe inadaika. Mtu wa kwenye miteremko yetu ya Mlima Nyoka au Iwambi hahitaji kuchorewa picha.

Baadaye, katika kesi ya McLoughlin, mama hakuwepo kwenye ajali. Aliwakuta mumewe na watoto hospitalini saa mbili hivi baadaye, wakiwa bado na matope na mafuta mwilini, akashinda. Lakini ndugu waliotazama kwenye televisheni maafa ya mashabiki kubanwa katika uwanja wa mpira wa Hillsborough, Uingereza, mwaka 1989, walishindwa. Kwa hiyo ukiijua ajali kwa video ya WhatsApp, madai yako ni dhaifu. Kama ulikimbilia eneo la tukio au wodini, sema hivyo tangu mwanzo.

Mzazi, mtoto na mwenzi hawasumbuliwi sana kuhusu ukaribu wao na majeruhi. Bibi aliyelea mjukuu tangu kunyonya itabidi authibitishe: barua ya mtendaji, kumbukumbu za shule, majirani.

Panapoangusha wengi ni ugonjwa. Majonzi peke yake hayalipiwi, hata yawe mazito kiasi gani. Lazima daktari aandike maradhi ya akili yanayotambulika. Nilimsaidia mama mmoja muuza viazi ambaye kila lori lilipopiga breki za upepo alikaa chini palepale, mikono kichwani, ndoo ikimwagika. Nyumbani walimpeleka kwenye maombi, na maombi siyapingi hata kidogo. Lakini kliniki ya afya ya akili alifika mwaka umeshapita, na swali la kwanza la wakili wa upande wa pili likawa: kama uliugua kweli, mbona hukutibiwa? Nenda mapema. Mweleze daktari kila kitu, usingizi, ndoto, kushindwa kuvuka barabara, na umwombe akiandike. Tunza kadi, risiti za dawa na tiketi za nauli, maana fidia mahususi, ile ya gharama ulizotumia, haitolewi bila uthibitisho. Fidia ya jumla, ile ya maumivu yenyewe, hupimwa na hakimu.

Polisi, fomu ya matibabu ya PF3 ni ya majeruhi. Wewe andikisha maelezo kama shahidi, ili jalada lenyewe lioneshe ulikuwepo. Kisha fuatilia kesi ya trafiki mpaka mwisho: dereva akitiwa hatiani na muda wa rufaa ukaisha, hukumu ile ni ushahidi mzito kwenye madai yako. Chukua nakala iliyothibitishwa. Chukua pia namba ya gari, kwa sababu bima ya mtu wa tatu ni ya lazima na ndiyo yenye uwezo wa kulipa.

Naomba sana hili: mwenye gari akija msibani au wodini na mchele na bahasha, pokea pole yake, ila usisaini karatasi ya kumalizana kabla haijasomwa na anayejua sheria. Sentensi moja ya "sina madai mengine" inaweza kuyazika madai yako pamoja na ya mgonjwa.

Muda wa kufungua madai ya madhara ni miaka 3. Gari likiwa la Serikali, tangulia na notisi ya siku 90. Mahakamani ni heri uwe na wakili. Sisi wasaidizi wa kisheria hatusimami mbele ya hakimu, ila tunakupangia nyaraka bila malipo. Kama hujui tulipo, muulize afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yako.