Namna ya Kuisoma Ngome ya Kale ya Mlimani: Kutoka Korea hadi Katonga

Mgeni anayefika Bigo bya Mugenyi, ngome ya kale ya mahandaki kando ya mto Katonga, wilayani Sembabule nchini Uganda, kwa kawaida huuliza kwanza ni nani aliyeyachimba mahandaki yale. Swali hilo ni la haki, ila likitangulia humfanya mtu aisahau ardhi iliyo mbele yake. Kabla ya kwenda huko, ninashauri ujizoeze kwa kuichunguza ngome ambayo udongo wake na maandishi yake vinaweza kulinganishwa, nami nimechagua Samnyeonsanseong, iliyoko Boeun, Korea Kusini. Ilijengwa mwaka 470 na ufalme wa Silla, uliokuwa ukishindana na falme za Baekje na Goguryeo, na tarikhi ya Samguk Sagi, iliyokamilishwa mwaka 1145, inaeleza kwamba kazi hiyo ilichukua miaka 3, na ndiyo maana ya jina lake.

Anza na maji. Kilima kisicho na maji hakiwezi kustahimili mazingiwa, hata kuta zake ziwe imara namna gani, kwa hiyo fungua ramani yenye mistari ya mwinuko na utafute sehemu ya chini kabisa ndani ya ukuta. Wajenzi wa Korea mara nyingi walizungusha ukuta juu ya migongo ya vilima huku wakilikumbatia bonde dogo katikati, ili maji ya mvua na ya chemchemi yakusanywe katika mabwawa.

Kisha chunguza ukuta wenyewe, ambao huko Samnyeonsanseong una mzunguko wa takriban kilomita 1.7 na umepangwa kwa mawe bapa, mengine yakilazwa kwa urefu na mengine kwa kukingama ili yashikane. Usiupe ukuta mzima mwaka mmoja. Ngome hii ilikarabatiwa mwaka 486, na zipo sehemu zilizojengwa upya katika zama zetu, hivyo kila mpangilio wa mawe unapobadilika, weka alama katika daftari lako. Malango yatazame pamoja na njia zinazoyafikia.

Hatua ninayoithamini kuliko zote ni ya vitu vidogo. Katika ngome nyingine ya Silla, Seongsansanseong iliyoko Haman, wanaakiolojia walipata zaidi ya vibao 200 vya mbao vyenye maandishi, vilivyohifadhiwa na unyevu ndani ya tabaka la matawi na majani karibu na ukuta wa mashariki. Vingi ni lebo za mizigo: mahali ulikotoka mzigo, jina la mtu na aina ya nafaka. Tarikhi za wafalme hazimtaji mtu huyo, lakini kibao chake kinatuonyesha jinsi dola ya karne ya 6 ilivyoweza kukusanya chakula kutoka wilaya za mbali na kukipeleka mpakani. Ndiyo sababu ngome isisomwe kama uwanja wa vita peke yake.

Ukifika Katonga, tumia utaratibu uleule, lakini usilazimishe majibu yafanane. Mahandaki ya Bigo yana urefu wa jumla unaozidi kilomita 10, na mahali pengine yamekatwa ndani ya mwamba. Uchimbaji wa wanaakiolojia Peter Shinnie mwaka 1957 na Merrick Posnansky mwaka 1960 ulifanyika pasipo tarikhi iliyoandikwa ya kuuongoza. Yapo masimulizi ya Wachwezi, watawala wa kale wanaotajwa katika mapokeo ya eneo hilo, na jina lenyewe linamtaja mugenyi, yaani mgeni. Yaandike masimulizi hayo kwa heshima katika ukurasa wake, na uliyoyaona ardhini katika ukurasa mwingine, kisha uyalinganishe baadaye.

Ukiona kipande cha chungu au mfupa wa ng'ombe, usikiokote, kwa kuwa kikishaondolewa katika tabaka lake hakiwezi tena kusaidia kulikadiria umri. Weka rula kando yake, kipige picha, andika mahali kilipo, na uwaarifu wasimamizi wa eneo hilo.