Kufuga mbuna sebuleni Dar: gawa viwanja kabla ya kuingiza samaki

Mtu akinipigia simu kuniuliza, "Mbona samaki wangu wanauana?", huwa nimeshaliona tangi lake kichwani kabla sijafika kwake. Mawe matatu katikati, ua la plastiki, basi. Dume mmoja amelitwaa tangi zima, wenzake wamejibana juu kwenye kona ya chujio, mapezi yamechanika.

Mbuna ni samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, na ni ukoo mmoja na sato na perege tunaowakaanga. Dume hushika pango lake na mwani unaoota juu ya jiwe lake, na humfukuza kila anayemkaribia, hasa wa rangi inayofanana na yake. Ziwani aliyeshindwa huogelea zake akatafute jiwe jingine. Kwangu Tabata, aliyeshindwa anagonga kioo. Kwa hiyo mfugaji wa mbuna ni mpima viwanja kwanza, mlishaji baadaye.

Hatua ya 1: Tangi refu

Usihangaike na kina, angalia urefu na upana wa chini, maana viwanja viko chini. Mimi natumia sm 120 kwa 45, kimo sm 50, kioo cha milimita 10. Ukitoa nafasi ya mawe, linabeba kama lita 240, maana yake kama kilo 240 za maji peke yake, kwa hiyo stendi iwe ya chuma na iwe imesimama sawa. Fundi vioo yeyote mzuri wa Kariakoo atakutengenezea. Mwambie aweke mikanda ya kioo juu, silikoni ikauke vizuri, kisha lijaze maji barazani siku tatu kabla hujaliingiza ndani. Likivuja, livujie huko.

Hatua ya 2: Mawe, kisha mchanga

Mpangilio ni huo huo, usiugeuze. Mimi niliugeuza. Nilimwaga mchanga, nikapanga mawe juu yake, nikajisifu kwamba limependeza. Mbuna wanachimba. Dume anachota mchanga mdomoni, anautema sm 20 mbele, anarudi, anachota tena, kutwa nzima. Wiki ya pili, usiku wa manane, nikasikia "ko!" kutoka sebuleni. Jiwe la chini lilikuwa limebaki hewani, la juu likaporomoka likapiga kioo cha mbele. Tulikesha tunachota maji kwa ndoo.

Kwa hiyo tandika kipande chembamba cha sponji au plastiki ngumu kwenye sakafu ya tangi, panga mawe makubwa juu yake, tikisa kila moja kwa mkono mpaka uhakikishe halichezi, ndipo umwage mchanga pembeni, kina cha sm 3 hadi 5.

Rundo lisiwe moja. Jenga mawili au matatu, yapande mpaka karibu na juu ya maji, na katikati yake uache njia. Mapango yawe na milango miwili, kwa sababu pango lenye mlango mmoja ni mtego. Kisha inama, tazama tangi kwa ubavuni: ukiona moja kwa moja kutoka upande huu hadi ule, na dume ataona hivyo hivyo. Ongeza jiwe. Samaki asiyeonekana hafukuzwi.

Mawe ya mtoni, ya mviringo, ndiyo salama. Ya matumbawe yanapandisha pH (kipimo cha ukali wa asidi ya maji; ikipanda, asidi imepungua), jambo jema, lakini yana ncha zinazochuna magamba. Jiwe usilolijua lidondoshee siki: likitoa povu lina chokaa, na kwa mbuna halina neno.

Hatua ya 3: Maji

Mbuna wanataka maji magumu, yaani yenye madini mengi kama chokaa, pH 7.8 hadi 8.5. Maji ya bomba yana klorini: yaache kwenye ndoo pana siku mbili huku pampu ya hewa ikitoa mapovu, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Kama pH iko chini, tia vipande vya makombe ya baharini, vile wanavyouziwa wafuga kuku, kwenye kitambaa cha wavu ndani ya chujio. Vioshe kwanza.

Maji ya kisima mara nyingi ni magumu tayari, ila yapime. Kisima kifupi kilicho jirani na choo cha shimo huleta naitreti, mabaki ya kinyesi yaliyoyeyuka majini, na hapo unabadilisha maji kwa maji machafu zaidi.

Hatua ya 4: Kungoja

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Chujio jipya halina bakteria wa kugeuza amonia ya kinyesi kuwa naitraiti, kisha naitreti. Liwashe, tia chembe za chakula kila siku bila samaki, na subiri wiki nne hadi sita mpaka vipimo vya amonia na naitraiti vyote visome sifuri. Ukipata kipande cha sponji kutoka chujio la rafiki mwenye tangi lenye afya, utasubiri muda mfupi zaidi. Usidharau hatua hii: pH ikiwa juu na maji yakiwa ya moto, amonia kidogo tu inaua.

Hatua ya 5: Kuchagua

Aina tatu zinatosha, zisizofanana rangi, kila dume kwa majike wanne. Dume mmoja na jike mmoja tu ni kumhukumu huyo jike. Kwa anayeanza ninapendekeza Labidochromis caeruleus, wale wa njano, wapole kwa viwango vya mbuna.

Chindongo demasoni, wa bluu na milia myeusi, ni wa kwetu: alielezwa kisayansi mwaka 1994 kutoka Pombo Rocks, upande wa Tanzania. Ni mdogo lakini hamvumilii mwenzake kabisa. Waweke kumi na wawili au zaidi, ili kipigo kigawanyike.

Jihadhari na "mchanganyiko". Niliwahi kununua kumi, muuzaji akaniambia, "Hawa wapole, bosi." Mmoja alikuwa Melanochromis auratus, dume. Alikuja wa njano, akakua akageuka mweusi, na baada ya miezi minane kati ya wale kumi walibaki wanne, yeye akiwemo.

Hatua ya 6: Kuwaingiza

Nunua wadogo, sm 3 au 4, na uwaingize wote siku moja, ili asiwepo mwenyeji. Ukilazimika kuongeza baadaye, hamisha mawe kwanza, zima taa, ndipo uachie wageni. Wenyeji wataamka hawaijui mitaa yao, na kila mmoja ataanza upya.

Hatua ya 7: Chakula

Wengi wao ni walaji wa mwani. Wape chakula cha spirulina (mwani uliokaushwa), kidogo mara mbili kwa siku, kiishe ndani ya dakika moja. Nyama usiwape: matumbo yanavimba, na samaki akishafika hapo ni wachache wanaopona.

Joto na umeme

Hita iache dukani. Tatizo letu ni Januari hadi Machi, maji yakifika nyuzi 30, na maji ya moto hayashiki oksijeni nyingi. Weka feni ndogo ipulize juu ya maji. Umeme ukikatika, acha kulisha, washa pampu ya betri, au chota maji kwa kikombe uyamwage kutoka juu. Chujio la kopo (lile lililofungwa, linalokaa nje ya tangi) lililozimika saa nyingi lifungue ulioshe kabla ya kuwasha, maana maji ya ndani yameshaoza. Kila wiki badilisha robo ya maji.

Ukiona jike amevimba kidevu

Amekaa pembeni, hali, mashavu yamejaa kama mtoto aliyeficha karanga mdomoni, na kila baada ya muda anatafuna bila kumeza. Ana mayai mdomoni. Atayabeba kama wiki tatu. Siku ya kumi na tano mhamishie tangi dogo lenye jiwe moja, ateme watoto kwa utulivu, kisha umpe siku chache ale anenepe. Kumrudisha ni usiku, taa imezimwa, kwa sababu pango lake litakuwa limeshapata mwenyewe.