Kwenda Char Dham kutoka Uganda na mzazi mwenye magoti mabovu

Kitu cha kwanza kwa safari ya Char Dham, ile hija ya Wahindu kwenye mahekalu manne India, si tiketi, na si visa. Fungua droo utafute kile kikadi cha njano cha chanjo ya homa ya manjano. India hawana mchezo na mtu anayetoka Uganda, ukitua bila kadi, au kama umechanjwa na siku 10 hazijaisha, wanaweza kukuweka karantini mpaka siku 6, na hapo usijaribu kuwaambia eti babu yako alitoka Gujarat na jina lako ni Patel, wao wanaangalia ndege imekutoa wapi. Uzuri siku hizi chanjo moja ni ya maisha, mambo ya kurudia kila miaka 10 yaliisha. Ila kama mzazi ana zaidi ya miaka 60 na hajawahi kuchanjwa kabisa, aongee na daktari kwanza, kwa wazee hiyo chanjo inaweza kuleta shida, na hilo ni jambo la kushughulikia miezi kabla, si wiki ya mwisho.

Naandika haya kwa sababu tangu turudi na Ba kila Jumapili hapa Jinja lazima mtu anivute pembeni baada ya aarti, ile ibada ya taa hekaluni, aniulize tulifanyaje. Ba ni mama yangu, kwetu ndo tunawaita hivyo. Ana miaka 71, sukari kidogo, magoti yake yanalia kama mlango wa stoo. Na alienda akarudi.

Sasa Char Dham tunayosema hapa ni ile ya milimani kwenye jimbo la Uttarakhand, kaskazini mwa India, kuna ile nyingine kubwa ya pembe nne za India, usichanganye ukiongea na ajenti. Ni mahekalu manne na watu huyazunguka kutoka magharibi kwenda mashariki: Yamunotri, Gangotri, Kedarnath, halafu Badrinath. Yote yako juu ya mita 3,000, Kedarnath ndo juu zaidi, mita 3,583. Sisi tumelala maisha yetu yote kwenye mita 1,100 na kitu hapa kando ya Nile, kwa hiyo hesabu mwenyewe. Gangotri na Badrinath gari linakufikisha karibu na mlango. Yamunotri unatembea kama kilomita 5 au 6 kutoka Janki Chatti, njia ina ngazi kali. Kedarnath ni kama kilomita 16 kutoka Gaurikund, na hapo ndo safari yote inapoamuliwa.

Mahekalu hayafunguliwi mwaka mzima, baridi ikija yanafungwa na miungu inashushwa kijijini mpaka theluji iishe, Kedarnath kwa mfano inahamia Ukhimath. Yamunotri na Gangotri kwa kawaida zinafunguliwa siku ya sikukuu ya Akshaya Tritiya, Aprili au Mei. Tarehe ya Kedarnath inatangazwa siku ya Maha Shivratri, ya Badrinath inatangazwa Basant Panchami, nazo ni sikukuu, kwa hiyo mwezi wa pili au wa tatu hivi unakuwa ushajua kila kitu na unaweza kupanga. Mwaka 2025 Yamunotri na Gangotri zilifunguliwa tarehe 30 Aprili, Kedarnath 2 Mei, Badrinath 4 Mei. Kufunga ni kipindi cha Diwali, Badrinath inachelewa kidogo mpaka Novemba.

Nenda Mei na Juni mwanzoni, au Septemba mwishoni na Oktoba. Julai na Agosti hapana. Najua Agosti watoto wako likizo na duka linaweza kuachiwa shemeji, lakini hiyo ndo mvua yenyewe na ile milima inashuka. Juni 2013 Kedarnath ilipigwa na mafuriko yaliyoua maelfu ya watu, hekalu likabaki limesimama, nyuma yake kuna jiwe kubwa sana lililogawa maji, watu wanaliita Bhim Shila na wanaligusa kwa heshima. Na si hadithi ya zamani tu, tarehe 5 Agosti 2025 matope yalifunika Dharali, kijiji kilicho kwenye barabara hiyohiyo ya kwenda Gangotri.

Sasa nije kwenye kosa langu. Ajenti wa kwanza alitupangia siku 10, Delhi mpaka Delhi, kila siku imejaa, na ndege ya kurudi kesho yake asubuhi. Kwenye karatasi ilipendeza. Mimi ni mtu wa hadiwea, naona siku tupu kama hasara, nikasema sawa. Siku ya saba udongo ukashuka barabarani baada ya Guptkashi, mji wa njiani kwenda Kedarnath, tukakaa ndani ya gari masaa tisa, halafu tukalala kwenye chumba kimoja watu sita, kesho yake vilevile. Ndege ikaondoka bila sisi na pesa ya kubadilisha tiketi ingelipa hoteli nzuri siku nne. Kwa hiyo sikiliza: kwanza weka siku 3 ambazo hazina kazi yoyote, moja kabla ya Kedarnath, moja baada yake, na moja Delhi au Mumbai kabla ya ndege, ndo uanze kugawa zilizobaki. Kwa mzee hesabu wiki mbili na nusu kutoka Entebbe mpaka Entebbe. Kama huna wiki mbili na nusu basi fanya mbili tu, Gangotri na Badrinath, gari mpaka mwisho, hakuna dhambi hapo. Wengi wanafanya Do Dham, yaani mahekalu mawili tu, na wanalala vizuri.

Karatasi. Mwenye kadi ya OCI, ile ya raia wa nje wenye asili ya India, hahitaji visa, lakini hakikisha inaenda na pasipoti unayosafiria, Ba yake iliandikwa wakati ana pasipoti ya zamani tukahangaika. Mwenye pasipoti ya Uganda anaomba visa ya mtandaoni kwenye tovuti ya serikali ya India, anuani inaishia na gov.in, zile nyingine zinazofanana ni watu wa kati wanakula komisheni. Halafu kuna usajili wa yatra, yaani hija, wenyewe kwenye tovuti ya serikali ya Uttarakhand, huo ni lazima, na 2025 ulikuwa bure, unachagua tarehe ya kila hekalu na unapewa karatasi yenye msimbo wa kuskani, njiani wanaikagua kweli. Mkikosa mtandaoni kuna kaunta Haridwar na Rishikesh, lakini msimu ukichanganya foleni yake ni kama ya benki siku ya mshahara. Printi nakala tatu tatu za kila kitu, simu inakufa kwenye baridi.

Ndege: Uganda Airlines wanaenda Mumbai moja kwa moja kutoka Entebbe tangu 2023, na hiyo kwa mzee ni bora kuliko kuzurura uwanja wa mtu usiku kucha ukisubiri ya kuunganisha. Kutoka Mumbai unachukua ndege ya ndani mpaka Dehradun, uwanja unaitwa Jolly Grant, Rishikesh iko hapo karibu tu. Laleni Rishikesh au Haridwar usiku mbili. Hapo mzee anaoga mto Ganga, anatulia, na nyie mnanunua laini ya simu. Pesa badilisha nyingi huku chini maana kadiri unavyopanda ATM zinapungua, na kule kila mtu analipa kwa simu kwa mfumo wao wa kihindi ambao mobile money yetu haijui, kwa hiyo noti ndogondogo ndo zitakuokoa.

Usipime barabara kwa kilomita. Uttarkashi mpaka Gangotri ni kama kilomita 100, yaani hazizidi sana Kampala mpaka Jinja, lakini hesabu masaa manne na zaidi, na si kwa sababu ya jam ya Mukono, ni kona, na mto uko chini kabisa upande wa mama yako. Dawa ya kutapika iwe mfukoni, si kwenye begi juu ya gari. Dereva asiendeshe usiku hata akikubembeleza.

Maandalizi ya mwili anza miezi miwili kabla. Ba tulimtembeza kila asubuhi nusu saa, mwishoni tukampeleka Mbale tukapanda Wanale polepole, alininunia siku mbili. Apimwe presha, sukari na moyo. Muulizeni daktari kuhusu Diamox, ile dawa ya kusaidia mwili kuzoea mlima, msijinunulie wenyewe dukani.

Jaketi nendeni Owino, lile soko la mitumba Kampala. Sitanii. Kule Rishikesh utauziwa jaketi jembamba kwa bei ya mgeni, Owino kwenye mivumba unapata zile nene walizovaa wazungu kwenye theluji, mimi nilipata elfu 40 baada ya kubishana robo saa. Soksi za sufu, glavu, kofia ya masikio, koti la mvua la kila mtu. Viatu vivae mwezi mzima kabla. Chakula hakisumbui sisi wa mboga, njia nzima ni mboga tupu, lakini beba thepla, zile chapati za viungo, achari na njugu za kukaanga, saa nane usiku Kedarnath hakuna duka.

Haya, Kedarnath. Gari lako linaishia Sonprayag, mnapanda jipu za kuchangia kama kilomita 5 mpaka Gaurikund. Hapo kuna njia nne: miguu, nyumbu, machela ya watu wanne, au helikopta kutoka huko nyuma, Phata, Sirsi au Guptkashi. Tiketi za helikopta zinauzwa kwenye tovuti ya IRCTC tu, kampuni ya tiketi ya reli ya India, zikifunguliwa zinaisha haraka, na mtu akikuambia anayo ya pembeni mkimbie. Pia ujue mawingu yakishuka haziruki, na Juni 2025 moja ilianguka karibu na Gaurikund watu 7 wakafa. Sisi tulichukua machela kwa Ba. Lipia kwenye kaunta ya serikali upate risiti, usielewane na mtu njiani.

Wale wabebaji wengi ni Wanepali. Wanne, wembamba, viatu vya plastiki, wanatembea kwa mdundo mmoja na kila baada ya dakika ishirini wanamtua Ba juu ya ukuta wanavuta bidi, zile sigara za kusokotwa kwa jani. Mimi nyuma na fimbo, nikipishana na nyumbu wenye kengele, ukisikia kengele simama upande wa mlima, usisimame upande wa bonde, nyumbu hakuombi radhi. Anza alfajiri. Tulifika saa tisa mchana, tukaona aarti ya jioni, Ba akalia, nami kidogo.

Usiku kichwa kikaanza kumuuma hakusema. Nikimuuliza, "Ni gesi tu, beta (mwanangu), lala." Saa nane usiku akatapika mara mbili, midomo imebadilika rangi. Banange, niliogopa. Daktari wa kambi akamwekea oksijeni, akasema neno moja tu, shukeni. Kulipokucha tukashuka, tulipofika Gaurikund alikuwa anaomba chai. Tulipanda siku moja kutoka chini bila kupumzika, ndo hivyo. Ile siku tupu kabla ya Kedarnath, lala Guptkashi au Sonprayag, si anasa. Na mzee wa kwetu hatakuambia anaumwa akiwa kwa Mungu, kwa hiyo usimuulize kama anaumwa. Mwambie ale. Akikataa chakula na kichwa kinauma, shuka, hata kama darshan, kule kumwona mungu hekaluni, bado.

Yamunotri ina kitu kitakachokukumbusha Sempaya kule Semuliki, kuna chemchemi inayochemka, Surya Kund, unafunga mchele na viazi kwenye kitambaa unavichovya mpaka viive, hiyo ndo prasad, chakula cha baraka. Ba alisema ni matooke tu yaliyokosekana. Badrinath nayo ina Tapt Kund, maji ya moto ya kuoga kabla ya kuingia hekaluni, peleka taulo na nguo ya kubadilisha kwa sababu ukitoka upepo unakungoja. Gaumukh, pale mto unapotoka kwenye barafu, ni kilomita 18 za miguu kutoka Gangotri na kibali juu, acha wajukuu waende siku yao.

La mwisho ni maji. Watu wa Jinja tuna historia na hili, 1948 sehemu ya majivu ya Gandhi ilimwagwa hapa kwenye chanzo cha Nile, basi Ba akang'ang'ania lazima abebe chupa ndogo ya Nile akaimwage Gangotri. Iliingia kwenye begi kubwa, haikuulizwa. Kurudi, nunua kile chungu kidogo cha shaba cha maji ya Ganga kilichozibwa kwa kulehemu, si cha kifuniko cha kuzungusha, kisha kifunge kwenye kaveera (mifuko ya plastiki) mbili na taulo katikati ya nguo, begi la chini, si la mkononi, uwanjani watakunyang'anya. Chetu kimoja kilikuwa cha kuzungusha. Sari mbili za Ba zilifika Entebbe zimeoga Ganga, akakataa zifuliwe.