Baldur's Gate 3: Kuchagua wenzako wa safari na kupata mpenzi bila kujutia baadaye

Wiki iliyopita mdogo wangu, anayecheza gemu ya Baldur's Gate 3, aliniita nikaangalie skrini yake, amenuna kweli kweli. "Dada, huyu mwenzangu wa safari, Karlach, simwelewi. Nimempigania, nimemtafutia vyuma vyake, natembea naye kila siku, na hakuna kinachoendelea." Nikamwuliza amecheza saa ngapi. Ishirini na tano. Je, amelala kambini mara ngapi? Akafikiria. "Mara tatu. Nabana chakula."

Nilicheka mpaka akakasirika, kwa sababu mimi mwenyewe nilifanya hivyo hivyo mara ya kwanza. Basi tukakaa usiku ule tukarekebisha mambo, na haya ndiyo niliyomwelekeza. Humu nafichua hadithi ya sehemu ya kwanza na ya pili. Kama hutaki kujua mapema, soma mpaka Hatua ya 4 kisha rudi baadaye.

Hatua ya 1: Wakusanye wote

Hata yule usiyempenda. Shadowheart na Astarion utawakuta karibu na mabaki ya meli iliyoanguka mwanzoni mwa gemu, Gale amekwama ndani ya duara la kichawi lililo karibu na barabara, Lae'zel yumo kwenye kizimba kilichoning'inizwa, Wyll yuko Emerald Grove, makazi ya wakimbizi msituni, anafundisha watoto upanga. Karlach yuko mbali kidogo, ng'ambo ya mto, kwenye njia ya Risen Road. Watu watakaokuomba umuue wanajiita wapiganaji wa Tyr, mungu wa haki. Usiwaamini.

Hatua ya 2: Achana na habari ya nani ni mganga, nani ni mwizi

Hapa ndipo wachezaji wengi wanaponiudhi. Mtu anambeba Shadowheart safari nzima, hampendi hata kidogo, eti kwa sababu "timu lazima iwe na wa kuponya". Si lazima. Yule mzee wa mifupa, Withers, anabadilisha kazi ya mtu yeyote kambini kwa dhahabu 100, na akitaka kubadilishwa tena kesho, ni 100 nyingine. Ukitaka Karlach awe kasisi, atakuwa kasisi. Kilichoandikwa kwa mtu hakibadiliki: sauti yake, hasira zake, yaliyompata, anachokichukia. Hicho ndicho utakachosikiliza kwa saa mia moja, kwa hiyo chagua kwa hicho.

Hatua ya 3: Chagua watatu wanaoweza kuvumiliana na matendo yako

Mnatembea watu wanne, yaani wewe na watatu. Waliobaki kambini wanakusubiri. Jambo la kuelewa ni kwamba maamuzi mengi unayofanya njiani yanapimwa na wale waliosimama pamoja nawe wakati huo. Aliyebaki kambini hakuona, na mara nyingi hana la kusema. Ndiyo maana maandishi madogo yanatokea pembeni ya skrini: fulani amependa, fulani hakupenda. Jumla yake unaiona kwenye ukurasa wa mhusika mwenyewe.

Kwa hiyo anza na kujiuliza wewe ni mchezaji wa namna gani. Ukiwa mtu wa kusaidia kila mnyonge bila malipo, Karlach, Wyll na Gale watakupenda bila wewe kujitahidi. Astarion atakuwa anaguna kila unapokataa zawadi. Lae'zel anataka watu wa moja kwa moja, wasiobembeleza, na anataka kuona kwamba suala la watu wake wa githyanki unalichukulia kwa uzito. Shadowheart usimchokonoe kuhusu siri zake. Akisema hataki kuzungumza, mwache, atakuja mwenyewe. Na mwonee huruma mtoto yule Arabella pale Grove akiwa karibu, utaona.

Mbinu yangu: mtu unayemtaka hatoki kwenye timu mpaka sehemu ya kwanza iishe, na nafasi mbili zilizobaki nazizungusha. Wengine wanasema uwazungushe wote sawasawa ili uone hadithi zote. Mimi sikubaliani nao. Utapata marafiki sita wa nusu nusu na hakuna anayekujua.

Hatua ya 4: Lala

Hii ndiyo iliyonipotezea saa kumi na kitu za mchezo wangu wa kwanza, kwa hiyo nivumilie.

Mapenzi ya gemu hii hayako njiani. Yako kambini, usiku. Alama unazikusanya njiani, lakini mazungumzo yenyewe, ugomvi, kukiri, mtu kukujia akiwa hana usingizi, yote yamefungwa kwenye mapumziko marefu. Usipolala hayatokei. Hata mtu awe anakupenda kupita kiasi, atakaa na maneno yake kifuani mpaka ulale.

Na hayatokei yote kwa mpigo. Kwa kawaida usiku mmoja unabeba tukio moja kubwa, na mengine yanapanga foleni nyuma yake. Ukilala mara tatu ndani ya saa ishirini na tano kama mdogo wangu, una foleni ndefu ya watu wanaotaka kukuambia kitu, na mlango wao unafunguka mara moja kila baada ya saa nane hivi za kucheza. Baya zaidi, baadhi ya matukio yana mahali pake. Ukishavuka kwenda Shadow-Cursed Lands, eneo la sehemu ya pili, mengine ya sehemu ya kwanza yanafutika kimya kimya. Hakuna atakayekwambia umekosa nini. Mimi nilivuka nikidhani Astarion, ambaye ni mnyonya damu, atakuja kuniomba damu siku yoyote. Hakuja ng'o, na nikaja kujua sababu nilipocheza upya.

Kinachowazuia watu kulala ni chakula. Kwenye ugumu wa kawaida kila mapumziko marefu yanakula vifaa 40 vya kambi, na kwenye ugumu wa juu ni 80, kwa hiyo mtu anaogopa kuvimaliza. Kwanza, okota. Kila pipa, kila kreti, kila jiko la adui. Tuma yote kambini moja kwa moja kutoka kwenye begi, usibebe. Ukifanya hivyo chakula hakitakwisha, nakuapia.

Pili, na hili ndilo lililomfanya mdogo wangu ashike kichwa, unaweza kulala bila kutumia chakula chochote. Ondoa kila kitu kwenye dirisha la chakula, thibitisha. Utaamka umepata nusu tu ya uhai na nusu ya nguvu za uchawi, lakini matukio ya kambini yanaendelea kama kawaida. Kwa hiyo ukiona foleni imejaa, lala hivyo mara tatu nne mfululizo, halafu malizia na usingizi kamili.

Angalia pia alama ya mshangao juu ya kichwa cha mwenzako. Ana la kusema. Zungumza naye kabla hujaenda kulala, na ukiamka zungumza na wote tena. Ni kazi ya dakika mbili.

Sasa tahadhari, maana kulala ovyo nako kuna gharama. Yapo mambo machache ambayo saa yake inaanza kuhesabu ukishafika mahali. Ukiiona nyumba ya wageni ya Waukeen's Rest inawaka moto, usilale. Ingia uokoe watu sasa hivi. Ukilala utakuta majivu. Ukifika Grymforge, ngome ya chini ya ardhi, ukakuta watu wanachimba kumtoa Nere, kiongozi wao aliyefukiwa, una siku chache tu kabla hajafa kwa hewa yenye sumu. Kanuni yangu: nalala kabla ya kuingia eneo jipya, siyo katikati ya jambo linaloungua. Nje ya hayo, dunia inakusubiri. Huyo kiluwiluwi uliyepandikizwa kichwani mwanzoni mwa gemu, unayeambiwa atakugeuza zimwi ndani ya siku chache, hakimbizani na usingizi wako. Hapo ndipo gemu inapotutisha bure, na ndiyo sababu wengi hatulali.

Mdogo wangu alirudi kambini, akalala bila chakula. Usiku wa kwanza, ndoto. Wa pili, Shadowheart na Lae'zel wakashikiana visu (hapo ingilia kati, mmoja anaweza kufa kweli). Wa tatu, Astarion akainama shingoni kwake gizani. Akanigeukia macho yametoka: "Hawa wote walikuwa wapi?"

Ukimruhusu Astarion anywe, anakupenda zaidi, na wewe unashinda kutwa ukiwa na pungufu ya 1 kwenye mashambulizi na majaribio yako hadi ulale tena. Mimi humruhusu.

Hatua ya 5: Usiku wa sherehe

Ukiwaokoa watu wa Grove, kutakuwa na sherehe kambini. Sevu (hifadhi mchezo) kabla. Zungumza na kila mtu, kisha chagua wa kulala naye, ni mmoja tu. Shadowheart na Wyll wanakwenda polepole, kwa hiyo usikate tamaa ukiona usiku umeishia kwenye chupa ya mvinyo.

Ukiamua badala yake kuungana na Minthara, kamanda wa maadui, kuliteketeza Grove, Wyll na Karlach utawapoteza, na Halsin, mkuu wa Grove, pia.

Hatua ya 6: Mitego ya kila mmoja

Karlach: moyo wake ni injini ya kuzimu, unaungua, na hamwezi kugusana. Fundi ni Dammon. Chuma cha kwanza mpe pale Grove, cha pili mpelekee Last Light Inn, nyumba ya wageni ya sehemu ya pili, na hapo ndipo mguso unapowezekana. Sasa sikiliza. Ukifika Last Light Inn, Dammon yuko kwenye banda la nje. MPE CHUMA KABLA HUJAPANDA GHOROFANI kuzungumza na Isobel, kasisi anayeilinda nyumba hiyo. Mazungumzo yale yanaleta shambulio, na Isobel akishindwa, kinga ya mahali pale inaanguka, na Dammon anakwisha pamoja na wengine. Hakuna fundi mwingine. Nimeona mtu akipoteza mpenzi wake kwa sababu ya kupanda ngazi.

Gale: atakuomba vitu vya kichawi ale. Mpe vile vibovu usivyovaa. Ukimnyima moja kwa moja ataondoka. Na akikufundisha uchawi usiku, pale anapokuuliza unawaza nini, ndipo unapomwambia kama unamtaka au la. Wengi wanabonyeza busu kwa utani kisha wanashangaa.

Shadowheart: nenda naye kwenye hekalu la Shar, mungu wa giza anayemwabudu, usimwache kambini. Akisimama mbele ya Nightsong, mfungwa wa kule, na mkuki mkononi, kama anakuamini vya kutosha, mwachie aamue. Usimsukume. Wanaomhubiria ndio wanaoharibu.

Minthara: unaweza kumpata bila kuangamiza Grove. Ukipigana naye washa pigo lisiloua, na hakikisha la mwisho ni la mkono au silaha ya karibu, kwa sababu mshale na uchawi vinaua tu. Mwache amelala pale chini. Kisha kwenye sehemu ya pili nenda Moonrise Towers, ngome ya maadui, mapema, kabla hujamgusa Nightsong, ukamtoe gerezani.

Lae'zel na Wyll hawana mtego mkubwa, mradi umpeleke Lae'zel kwenye kituo cha watu wake kule milimani. Wyll anangojea densi.

Hatua ya 7: Ukiwa na wawili

Sehemu ya kwanza unaweza kutaniana na yeyote. Ya pili wanaanza kukuuliza, na jibu la "tutaona" halikufikishi mbali. Mdogo wangu alikuwa amemkubalia Karlach na amembusu Gale. Akaulizwa, akabonyeza haraka, akakosea, akalazimika kurudi kwenye sevu ya nyuma. Soma majibu yote kabla ya kubonyeza.

Halsin ndiye asiyejali kushiriki. Anajiunga ukishamsaidia kuiondoa laana ya vivuli, na mambo yake ya mapenzi yanakuja sehemu ya tatu. Lakini yeye kukubali haimaanishi mpenzi wako amekubali, kwa hiyo mwulize mpenzi wako kwanza.

Jaheira na Minsc, wenzako wanaojiunga baadaye, hawachumbiwi, usijisumbue. Ila hakikisha Jaheira anatoka hai kwenye vita vya Moonrise na uende naye unapomtafuta Minsc, la sivyo Minsc hutampata.