Somo: Kupima moyo wa panya kwa altrasaundi

Assalaam alaykum. Juzi kijana anayesomea baiolojia alinijia barazani hapa Malindi, matokeo yake yako kwenye simu. Panya wake wote walionekana wana moyo dhaifu, naye ameshaanza kuilaumu dawa anayoichunguza. Nikamuuliza: mapigo yalikuwa mangapi? 310 kwa dakika. Dawa haina kosa. Panya walizidishiwa nusukaputi.

1. Mpe usingizi kwa aisofluraini, dawa ya nusukaputi ya kuvuta, asilimia 2 hadi 3. Akishalala, punguza hadi 1 au 1.5. Panya mdogo wa maabara akiwa macho, moyo wake hupiga 500 hadi 700. Usikubali ushuke chini ya 400.

2. Mlaze chali kwenye sahani ya joto, mwili ubaki nyuzi 37. Msidhani joto letu la Malindi linatosha. Huyu ni gramu 20 na kitu. Akinyolewa kifua na kupakwa jeli hupoa upesi, na mapigo hushuka naye. Jeli yenyewe ipasheni.

3. Weka kichwa cha mashine kushoto mwa mfupa wa kifua, bila kukandamiza. Kile cha binadamu, megahezi 2 hadi 5, hakitoshi; tunatumia cha 30 hadi 40. Pata kwanza mkato wa urefu, kisha zungusha nyuzi 90. Chemba ya kushoto itaonekana kama bangili, na misuli miwili ya papilari imechomoza ndani mfano wa karafuu. Kila panya mpimie hapo hapo.

4. Ingia M-modi, yaani mashine ifuate mstari mmoja wa moyo unavyosogea. Pima upana wa chemba ikijaa, kisha ikibana. Tuseme milimita 3.6 na 2.4: tofauti 1.2, gawa kwa 3.6, ni asilimia 33, ndicho kipimo cha nguvu ya moyo kubana. Toa wastani wa mapigo matatu au zaidi, na kando ya kila namba andika mapigo kwa dakika.

Swali (Shela): Mwalimu, si bora tumpime akiwa macho?
Jibu: Inawezekana, ila panya aliyeshikwa kwa hofu moyo wake hukaza kupita kawaida. Mzoeshe mkono wako siku kadhaa kwanza.

Swali: Na moyo wenye kovu upande mmoja?
Jibu: Hapo M-modi itakudanganya, kwa kuwa inaona mstari mmoja tu. Chora ukuta mzima kwenye mkato wa urefu.

Swali: Mpimaji ajue nani kapewa dawa?
Jibu: Hapana, mwanangu. Mwenzako abandike namba tu. Ukijua, utasogeza alama nusu milimita bila kukusudia. Na katika mfano wangu, 2.4 ikiwa 2.9, ile 33 inakuwa 19.