Kupunguza floridi kwa mkaa wa mifupa

Maji ya visima vingi vya Arusha yana floridi nyingi, madini yanayodoa meno na kupindisha mifupa ya watoto. Kuyachemsha hakusaidii: maji hupungua, floridi hubaki. Mkaa wa mifupa huinasa juu ya chembe zake.

Chemsha mifupa ya ng'ombe iishe mafuta, ianike, kisha ichome kwenye tanuri lenye hewa kidogo, nyuzi 400 hadi 500. Moto ndio huharibu kazi. Vunja mfupa: ukiwa mweupe kama chaki umepita kiasi, hunasa kidogo, ukinuka haujaiva, na maji yatanuka vilevile.

Ponda chembe za milimita 0.5 hadi 3, pepeta vumbi, osha mpaka maji yatoke safi. Weka kokoto sentimita 5 ndani ya ndoo yenye bomba, kwenye kitako, kisha kilo 10 za mkaa. Lita 20 zipite kwa saa nzima. Usiuache mkaa ukauke.

Kwa makadirio kwamba gramu moja ya mkaa hunasa miligramu 2 za floridi, na kila lita ya maji huondolewa miligramu 4, mkaa huo husafisha lita 5,000. Mkaa ukichoka ladha ya maji haibadiliki, hivyo pima floridi kila mwezi. Ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, badilisha mkaa.