Antioksidanti itie biodizeli ikiwa bado mpya

Kama biodizeli yako (mafuta ya injini za dizeli yatokanayo na mimea au wanyama) itakaa akiba miezi kadhaa, tia antioksidanti, yaani kemikali ya kuzuia mafuta kuchacha (kama BHT au TBHQ), siku ile ile unapoyapokea mafuta, usingoje dalili. Kiasi cha kawaida ni kati ya gramu 0.2 na 1 kwa kilo ya mafuta. Unga wake ni mkaidi kuyeyuka, kwa hiyo uyeyushe kwanza kwenye mafuta kidogo yenye uvuguvugu, ndipo umimine kwenye tangi na kukoroga. Ukiumwaga mkavu utaukuta umelala chini.

Biodizeli, hasa ya soya au alizeti, hushambuliwa na oksijeni kwa mnyororo: molekuli moja ikiharibika huambukiza jirani yake. Antioksidanti hukata mnyororo huo mapema. Mafuta yakishachacha hutoa asidi na utomvu wa kunata unaoziba filta na matundu ya injekta, kifaa kinachonyunyiza mafuta ndani ya injini. Mafuta hayanyunyiziwi vizuri, injini inakosa nguvu na kutoa moshi mweusi.

Antioksidanti haifanyi kazi kwa mafuta yaliyokwisha kunuka ukali kama rangi ya kupaka, hayo hayarudi. Pia haifui dafu mbele ya tangi au mipira ya kupitisha mafuta yenye viungio vya shaba, maana shaba huchochea kuchacha. Na usitarajie nguvu za ziada. Kwenye moshi wa injini, gesi chafu za oksidi za nitrojeni huenda zikapungua kidogo, lakini monoksidi ya kaboni, gesi yenye sumu, inaweza kupanda.